Jinsi ya kukagua rafu za maktaba ya shule ili kila mtoto akute watu wake

Mwalimu akikabidhiwa ufunguo wa maktaba, maswali yanayofuata huwa ni yaleyale. Vitabu vyangu karibu vyote ni vya Kiingereza na vya nchi za theluji, nianzie wapi? Hadithi za wafugaji zinapatikana wapi? Nikiweka kitabu cha Kimaasai, Wasukuma hawataona nimewapita? Maboksi ya msaada yamefika, nipange yote? Haya ni majibu, kwa ajili ya mwalimu wa maktaba ambaye hakusomea ukutubi, na kwa yeyote anayesimamia maktaba ndogo ya kata au ya jamii. Nimeshika zaidi mazingira ya Tanzania. Pale ambapo utaratibu wa Kenya ni tofauti, nimesema.

Kidogo kuhusu sababu, halafu tuingie kazini. Rafu zetu nyingi hatukuzichagua sisi. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 na kwa miaka mingi Waafrika hawakuruhusiwa kuitumia. Vitabu vyake vilinunuliwa kwa ajili ya walowezi. Milango ilifunguliwa baadaye, lakini vitabu havihami rafuni kwa sababu bendera imebadilika. Halafu ikaja misaada. Kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kilianza mwaka 1985 kuhesabu vitabu vya watoto vilivyoandikwa au kuchorwa na watu Weusi nchini Marekani. Mwaka ule, kati ya vitabu takriban 2,500 vilivyochapishwa, walikuta 18. Hali ya huko imebadilika tangu hapo, ila boksi la msaada hubeba vitabu vya miaka iliyopita: vimesomwa kwao, vikachoka, vikapakiwa, vikaletwa kwetu. Ukipanga kila kinachoingia bila kuuliza, umepanga na upungufu wa wengine.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: rafu iliyojaa hudanganya macho. Usiamini ulivyozoea kuiona. Hesabu kwanza, ndipo uamue.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kaunta buku moja, rula na kalamu za rangi mbili. Kama una kompyuta, tumia jedwali, lakini usiahirishe kazi kwa kuisubiri.
- Daftari la usajili wa vitabu na daftari la kuazimia la mwaka uliopita. Kama shule haina daftari la kuazimia, lianzishe leo na ukaguzi uufanye baada ya muhula mmoja.
- Vipande vya karatasi ya manila vya kuchomeka kwenye vitabu ulivyokwisha kukagua.
- Watu wanne hadi sita: walimu wawili, wanafunzi wa madarasa ya juu wanaopenda kusoma, na mzazi au mzee mmoja anayeijua kata. Wasiwe wote wa kabila moja wala wa dini moja. Hili usilipuuze, kwa sababu mtu haoni kirahisi anachokosa jirani yake.
- Ruhusa ya mkuu wa shule kwa maandishi, hasa kwa sababu ya Hatua ya 5.
- Jioni chache za kazi. Fedha utaihitaji baadaye, na si nyingi kama unavyodhani.

Hatua ya 1: Jua unaowahudumia

Orodhesha jamii, lugha na dini zilizopo katika eneo la shule. Usiwasimamishe wanafunzi darasani na kuwauliza makabila yao. Tanzania ilikuwa na sababu za kuacha kuuliza kabila katika sensa. Mara ya mwisho lilipoulizwa ni mwaka 1967. Mtoto aliyeulizwa kabila lake mbele ya wenzake anaweza kuondoka na kitu kingine kabisa badala ya hamu ya kusoma.

Uliza hivi: nyumbani kwenu mnasikia lugha gani? Wajibu kwenye vikaratasi visivyo na majina. Kisha kaa na mtendaji wa kijiji au wa mtaa, mwenyekiti wa kamati ya shule, na wazee wawili watatu. Waulize nani alihamia hapa na lini, nani huja na mifugo wakati wa kiangazi, nani huja wakati wa mavuno. Orodha yako itakuwa ndefu kuliko ulivyodhani. Kata moja ya Kilosa ina Wakaguru, Wasagara, Wamaasai, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wafanyabiashara kutoka kila upande. Shule iliyo karibu na kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ina Waha wa hapo, na majirani Wakongo, ambao kambi hiyo imewapokea tangu 1996, na Warundi waliofuata baadaye.

Kenya, sensa ya 2019 iliuliza kabila, hivyo takwimu za kaunti zipo. Kumbuka orodha hubadilika: Wamakonde wa Kwale walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 mwaka 2017, na Wakenya wenye asili ya Asia la 44 mwaka huohuo. Angalia kama maktaba yako imepata habari hiyo.

Ongeza kwenye orodha watoto wenye ulemavu na wenye ualbino. Hao wamo katika kila jamii, na ndiyo sababu husahaulika.

Hatua ya 2: Toa sampuli, uhesabu

Vitabu vya kiada usivihesabu. Hivyo vinagawiwa kwa mtaala na havisomwi kwa kuchaguliwa. Hesabu vya ziada: hadithi, riwaya, vitabu vya picha, wasifu, historia, dini, jamii.

Kama una vitabu chini ya 300, vipitie vyote. Zaidi ya hapo, chukua kila cha kumi: chagua namba moja kati ya 1 na 10 kwa kura, anza nayo, kisha ruka kumi kumi hadi rafu ya mwisho. Maktaba ya vitabu 1,200 itakupa 120. Usiruke kitabu kwa sababu kimechakaa au kwa sababu unakijua.

Chora safu sita:

1. Mwaka na mji kilipochapishwa. Fungua ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, huwa vipo hapo.
2. Lugha.
3. Mhusika mkuu ni nani: jamii yake kama inatajwa, mvulana au msichana, ana ulemavu au hana.
4. Mazingira: kijijini, mjini, pwani, nyikani, ng'ambo.
5. Mwandishi anatoka wapi, kama kitabu kinasema.
6. Kimeazimwa mara ngapi mwaka uliopita.

Makosa mawili hujitokeza hapa karibu kila mara. La kwanza ni kukisia asili ya mwandishi kwa jina lake. Usikisie, andika "haijulikani" uendelee. La pili ni wanyama. Sungura na fisi wamejaa katika vitabu vyetu vya watoto, na mwalimu akiona kisa cha sungura kwa Kiswahili hukihesabu kuwa ni kitabu cha kwetu. Kwa lugha ni cha kwetu. Lakini mtoto wa Kibarbaig hajakutana na mtu wake humo, wala mtoto wa Pemba. Wanyama wapewe safu yao.

Ukimaliza, jumlisha. Tuseme kati ya 120 umepata 70 vya Ulaya na Marekani, 30 vya wanyama, na 20 vya watu wa Afrika Mashariki. Usiishie hapo, ingia ndani ya vile 20. Wahusika wangapi wako Dar es Salaam au Nairobi? Wangapi ni wafugaji, wavuvi, wakulima? Mara nyingi ndipo unapogundua kwamba hata vitabu vya Kiswahili vina familia ya aina moja: baba ana kazi ya ofisi, mama yuko jikoni, nyumba ina uzio. Kiswahili kinatuunganisha, nami ninakipenda kwa hilo, lakini kitabu kuwa cha Kiswahili hakumaanishi kimebeba wasemaji wake wote.

Kisha linganisha na safu ya sita. Vile 20 ni moja ya sita ya sampuli. Kama vimechukua theluthi ya uazimaji, una hoja ya kumpelekea mkuu wa shule: watoto wanavigombania na havitoshi. Kama havijaazimwa kabisa, tatizo huenda ni ubora au mahali vilipowekwa, na kuongeza vingine vya aina ileile hakutasaidia.

Hatua ya 3: Soma wanavyoonyeshwa

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina njia ya mkato. Chukua vitabu vyote vya sampuli vinavyohusu watu wa Afrika Mashariki, gaweni, kila mmoja asome chake mpaka mwisho. Jibuni maswali haya kwa kila kitabu:

- Mtu huyu anaishi leo, au amefungiwa zamani? Wahadzabe wa Bonde la Ziwa Eyasi huonyeshwa na upinde na moto wa kupekecha, kana kwamba hakuna mtoto wa Kihadzabe anayekaa kwenye dawati. Wapo.
- Ana jina? Kitabu kikimtaja mwanamke wa Kimaasai kwa shanga zake tu huku mgeni aliyempiga picha ana jina kamili, weka alama.
- Nani anatatua tatizo la kisa? Kama kila mara ni mtu aliyetoka mjini au ng'ambo, weka alama.
- Mhusika wa Kihindi au wa Kiarabu ana kazi nyingine zaidi ya kukaa nyuma ya kaunta ya duka?
- Mfugaji yupo kama mtu mwenye familia na maarifa, au kama anayekuja kula mazao ya watu?
- Mtoto mwenye ulemavu anafanya nini katika kisa? Anacheza, anakosea, anafaulu? Au yupo ili wengine wamhurumie, au apone kwa muujiza ukurasa wa mwisho? Mwenye ualbino yupo kama mtu, au kama mwathirika wa habari za kutisha tu?
- Jamii inaitwa jina inalojiita? Wadatoga wengi hawapendi kuitwa Mang'ati, na vitabu vya zamani huwaita hivyo bila kusita.

Mzee uliyemwalika ana kazi hapa. Msomee kurasa mbili zinazohusu watu wake, unyamaze, umsikilize. Mavazi ya arusi yamevaliwa kwenye msiba, chombo cha maziwa kimechorwa kama cha pombe, wimbo wa mavuno umeitwa wa vita: hayo mwalimu mgeni hawezi kuyaona.

Hatua ya 4: Angalia vilipopangwa

Kama maktaba yako inatumia namba za Dewey, yaani namba za kupanga vitabu kwa mada, fahamu kwamba mpangilio huo ulitolewa na Mmarekani mwaka 1876 na bado una alama za alikotoka. Katika namba za dini, Ukristo una nafasi kuanzia 220 hadi 289. Uislamu wote umebanwa 297. Dini za asili za Kiafrika ziko 299.6. Fasihi ya Kiswahili iko 896.392. Ngano ziko 398.2.

Nenda rafuni na utazame. Katika maktaba nyingi za msaada, Waafrika wako 398.2 kwenye ngano na 960 kwenye historia, na watoto wa Ulaya ndio waliojaa kwenye hadithi za kawaida: wanaenda shule, wanagombana na marafiki, wanapoteza mbwa. Mtoto hasomi namba, lakini anajifunza kwamba watu wa huko wana maisha na wa kwetu wana visasili.

Una haki ya kurekebisha. Kisa cha msichana wa Kigogo wa siku hizi kilichowekwa 398.2 kwa sababu tu kina bibi na mbuyu, kihamishie kwenye hadithi. Andika namba mpya kwa penseli na uirekodi kwenye daftari la usajili. Vitabu vya Kiswahili visitengwe pembe ya mwisho. Vichanganye na vingine kwa mada au umri. Kwa watoto wa chini ya darasa la nne achana na namba, bandika rangi mgongoni.

Hatua ya 5: Ondoa

Mwalimu huogopa hatua hii kuliko zote. Ondoa kilichopitwa na wakati (ensaiklopidia inayosema Zaire, atlasi isiyo na Sudan Kusini), kilichooza, na kinachodhalilisha watu. Kitabu cha kikoloni chenye thamani ya kihistoria usikitupe: kiweke kabati la walimu na karatasi inayoeleza kilivyo, kitumike somo la historia.

Onyo: vitabu vya shule ya serikali ni mali ya umma. Usichome, usiuze, usigawe kabla orodha haijapitishwa kwa maandishi na uongozi wa shule na kufutwa kwenye daftari la mali kwa utaratibu wa halmashauri. Panga vitakavyoondoka kwenye maboksi, bandika orodha juu, subiri kibali. Rafu itabaki na nafasi wazi. Iache wazi, usiijaze kwa haraka.

Hatua ya 6: Andika mapengo, kisha tafuta

Weka orodha ya Hatua ya 1 kando ya hesabu ya Hatua ya 2. Andika mapengo matano tu, yaliyo makubwa zaidi. Kwa mfano: hakuna mfugaji wa leo, hakuna Mwislamu katika hadithi za watoto, hakuna msichana mwenye ulemavu, hakuna kitu cha Kongo wala Burundi, lugha ya eneo haipo. Mapengo matano yatakupa kazi ya mwaka mzima.

Pa kutafutia:

Wachapishaji wa hapa. Dar es Salaam kuna Mkuki na Nyota na E&D Vision; Nairobi kuna East African Educational Publishers, Kenya Literature Bureau na Jomo Kenyatta Foundation. Omba katalogi, usisubiri wakala akuletee alichonacho garini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulizaa vitabu vingi vya Kiswahili vya watoto, na bado utavikuta katika maktaba za zamani za shule. Kabla ya kuomba vya ng'ambo, hakikisha havijalala stoo kwako.

Tuzo. Kwa sekondari, angalia washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na Tuzo ya Safal ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014, ambayo baadhi ya miswada yake iliyoshinda imechapishwa na Mkuki na Nyota. Kenya ipo Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yenye kitengo cha Kiswahili, na maonyesho ya vitabu ya Nairobi kila Septemba, ambako unaweza kufungua kitabu ukakisoma kabla ya kununua.

Vya bure. African Storybook, mradi wa Afrika Kusini, una hadithi za picha kwa Kiswahili na lugha nyingi za Afrika Mashariki, zikiwemo Kiturkana na Kimaasai, kwa leseni huria: unaruhusiwa kupakua, kuchapa na hata kutafsiri. Chapa kijitabu, piga pini, kiingize kwenye daftari la usajili kama kitabu kingine. StoryWeaver ya India hufanya kazi kwa namna hiyohiyo. Soma kabla ya kuchapa, kwani tafsiri nyingine ni nzuri na nyingine hazisomeki.

Maktaba ya Mkoa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ipo kwa ajili yako pia. Nenda ukaulize kuhusu kuazima kwa ajili ya shule na mafunzo mafupi; chuo chake cha ukutubi kiko Bagamoyo.

Onyo: kabla ya kununua kwa ajili ya shule, hakikisha kitabu hakijakatazwa. Februari 2023 Wizara ya Elimu ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu kadhaa vya watoto vya kigeni katika shule na maktaba zake. Kenya, angalia orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya nchi hiyo. Kwa lugha za eneo, mwalimu wa Kenya ana wepesi zaidi: mtaala unataka zitumike madarasa ya chini, na Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali iziendeleze, pamoja na Lugha ya Alama ya Kenya na nukta nundu. Tanzania shule ya msingi inafundisha kwa Kiswahili, hivyo kitabu cha Kinyaturu hutakikuta kwenye orodha ya vitabu vya shule. Maktaba ya jamii ina uhuru zaidi. Shuleni, zungumza kwanza na Afisa Elimu, na kitabu kiwe cha lugha mbili.

Ukiwa na fedha ya vitabu kumi, nunua nakala mbili mbili za vitano vilivyosomwa na kupimwa. Kimoja kimoja hupotea, na pengo linarudi palepale.

Hatua ya 7: Tengenezeni vyenu

Kwa jamii nyingi kati ya zaidi ya 120 za Tanzania, hakuna kitabu cha mtoto dukani. Hakuna mtu atakayekuletea. Mtakitengeneza, na hii ndiyo hatua ambayo nimeona watoto wakibadilika usoni.

Kila mwanafunzi wa klabu ya usomaji aende kwa bibi, babu au jirani akaombe hadithi moja. Asirekodi kwa simu kabla ya kuomba ruhusa. Aandike jina la msimulizi, kijiji na lugha. Aandike kama alivyosikia, na maneno ya kuanzia na nyimbo za katikati zibaki katika lugha yake. Jamii nyingi husimulia usiku tu. Mpe mtoto siku kadhaa.

Klabuni, chagueni hadithi tatu kutoka jamii tatu tofauti. Ya kabila kubwa isiwe ya kwanza kwa sababu ya wingi wao. Andikeni Kiswahili ukurasa wa kulia na lugha ya msimulizi wa kushoto. Wasomaji wawili wa lugha hiyo, ikiwezekana kutoka vijiji viwili, wakague tahajia. Wakitofautiana, fuateni ya msimulizi.

Karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati zinatoa kurasa 16. Michoro iwe ya watoto wenyewe. Jalada la manila. Tobolea matundu matatu kwenye mkunjo, shona kwa sindano na uzi wa viatu, funika mgongo kwa selotepu. Tengenezeni nakala tatu: ya kuazima, ya kuhifadhi, na ya msimulizi. Nakala ya msimulizi ipelekwe na mtoto mwenyewe. Kisha gonga muhuri, andika namba ya usajili, weka rafuni kati ya vitabu vingine. Ikibaki kwenye meza ya maonyesho pekee, watoto wataelewa si kitabu cha kweli.

Makosa ya kuepuka: usisafishe hadithi mpaka iwe ya adabu tu, fisi asile na bibi asicheke. Usichapishe mafundisho ya jando na unyago, nyimbo za matambiko, wala siri za ukoo, hata kama msimulizi mmoja amekubali. Hayo si yake peke yake. Na usiipeleke hadithi kwenye intaneti bila kurudi kumwomba. Alikubali isomwe shuleni.

Hatua ya 8: Andika masharti ya misaada

Ukurasa mmoja, wenye sahihi ya mkuu wa shule, unaotumwa kwa kila anayetaka kuleta vitabu. Useme: tunapokea orodha ya majina kwanza, vitabu baadaye, hatupokei ensaiklopidia na vitabu vya sayansi vya zaidi ya miaka kumi, haya ndiyo mapengo yetu matano, tunashukuru zaidi mfadhili akilipia vitabu vilivyochapishwa Afrika Mashariki kuliko kulipia usafiri wa boksi. Vya dini, tunapokea kutoka dini zote kwa masharti sawa, na havigawiwi darasani.

Wengi wa wafadhili hushukuru wakipewa mwongozo. Walikuwa hawajui.

Hatua ya 9: Vionekane

Kitabu kipya kiwekwe kikitazama mbele, jalada lionekane, kwenye rafu ya usawa wa macho ya mtoto. Watoto wasomewe kila wiki, dakika kumi, vitabu vya jamii tofauti kwa zamu, bila kutangaza "leo ni siku ya Wamakonde". Rudia hesabu ya Hatua ya 2 baada ya mwaka, kwa safu zilezile.

Ukikwama

*Mkuu wa shule anasema watoto wanahitaji vitabu vya mtihani.* Mwonyeshe safu ya uazimaji. Mwonyeshe pia kwamba fasihi simulizi iko kwenye Kiswahili, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili linagusa jamii na mila za nchi. Omba rafu moja, usiombe chumba.

*Mzazi au kiongozi wa dini analalamikia kitabu.* Mkaribishe, msikilize, mpe fomu aandike ni ukurasa gani na kwa nini. Kamati ya watu wanne hadi sita isome kitabu chote, ijibu kwa maandishi. Usikitoe siku hiyohiyo kwa hofu, na usimjibu kwa ukali. Wakati mwingine ana haki: picha imemkosea heshima mtu anayemheshimu.

*Watoto wanacheka lugha ya wenzao.* Usimpe mtoto wa lugha hiyo kazi ya kusoma mbele akiwa peke yake. Soma mwenyewe, ukosee matamshi, uombe wakusahihishe. Wiki ijayo iwe lugha nyingine. Kama kicheko kinaendelea, kizungumze na walimu wote, kwa sababu hakikuanzia maktaba.

*Watoto wanapenda vitabu vya ng'ambo kuliko vya kwetu.* Waachie. Hadithi nzuri ya London ni mali yao pia. Angalia kama vya kwetu vimechapwa kwa karatasi duni, maandishi madogo, bila picha, na kama kila kimoja kinaishia na onyo. Tafuta vya kuchekesha na vya kusisimua, watoto watavifuata.

*Jamii moja inalalamika ina vitabu vichache.* Bandika orodha ya mapengo na mpango wa mwaka ukutani, kila mtu auone. Kisha waombe wasimulizi.

*Kuna mtoto asiyeona vizuri na hakuna nukta nundu.* Anza na msomaji wa zamu na herufi kubwa: ukubwa wa 18 kwenda juu, wino mweusi. Uliza shule maalumu iliyo karibu kuhusu kuazima vya nukta nundu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 uliandikwa ili nakala za aina hiyo zitengenezwe na zivuke mipaka bila kikwazo cha hakimiliki.

*Umehamishwa kituo.* Hii hutokea sana, na kazi huishia sandukuni. Weka faili moja lenye kaunta buku la ukaguzi, orodha ya mapengo matano, masharti ya misaada, majina ya wasimulizi na ruhusa zao, na kibali cha vitabu vilivyoondolewa. Likabidhi kwa mwalimu anayekufuata kwa sahihi, nakala kwa mkuu wa shule, na mpitishe mgeni huyo kwa wazee mliofanya nao kazi kabla hujaondoka.